Kula na kunywa kwa pesa kidogo Butembo na Beni: bei inakuja na barabara

Kutoka Butembo mpaka Beni ni kilomita 54 tu, lakini kwa mambo ya chungu ni kama nchi mbili. Butembo iko juu, zaidi ya mita 1,700, kwenye vilima vya baridi. Beni iko chini, kwenye joto, pembeni ya msitu. Viazi na kabichi vinatelemka kwenda Beni; ndizi, mchele na mafuta ya ngazi vinapanda kwenda Butembo. Mwenye franka chache akikaa Butembo na kutaka kula kama mtu wa Beni, ao akikaa Beni na kutaka kula kama mtu wa Butembo, analipa chakula, kisha analipa tena safari ya kile chakula: mafuta ya gari, bariere za njiani, na zile siku mzigo ulilala barabarani juu ya usalama mdogo.

Akina mama wa soko wanalijua hili bila kufundishwa. Lakini mgeni aliyefika kutoka Goma, Bunia, Kisangani ao Kinshasa, mwanafunzi aliyeachana na chungu ya mama yake kwa mara ya kwanza, na familia iliyokimbia vita na kuanza upya katika nyumba ya kupanga, hao wanajifunza kwa kupoteza pesa.

Butembo: viazi, maharagi na makala

Chakula cha bei ya chini Butembo kinatoka milima ya Lubero. Masereka, Luhotu, Kipese, Magheria: huko ndiko kunatoka viazi, kabichi, karoti, puaro, vitunguu, njegere na maharagi. Vinafika kwa gari za Fuso, kwa moto, kwa chukudu kwenye miteremko, na kwa mgongo wa akina mama, kamba ikishikwa na kipaji cha uso. Sokoni, iwe soko kuu, Matanda ao Vutsundo, fungu la viazi na fungu la mboga la siku ile ndivyo vinavyoshibisha watu wengi kwa franka chache kuliko kitu kingine chochote.

Majira nayo yanahesabika. Katika Kivu ya Kaskazini wakulima wanalima mara mbili kwa mwaka: majira ya kwanza yanaanza mwezi wa tisa, ya pili mwezi wa pili. Maharagi mapya yanaonekana sokoni karibu na mwisho wa mwaka na mwanzo wake, kisha tena mwezi wa sita na wa saba. Hapo ndipo mwenye nafasi ananunua mengi na kuyakausha vizuri juani kabla ya kuyaweka. Kabla tu ya mavuno, wakati gunia za zamani zinakwisha na mpya hazijafika, kopo lile lile linapanda bei bila mtu yeyote kufanya ubaya.

Kuhusu kopo, mgeni afungue macho. Maharagi, mchele na unga vinapimwa mara nyingi kwa makopo, kama lile la maziwa ya Guigoz, wala si kwa kilo. Kopo lililojazwa mpaka likafanya kilima na kopo lililokatwa kwa kiganja si kopo moja. Kuna pia makopo yaliyogongwa chini, yanaonekana marefu kwa nje na mafupi kwa ndani. Kuuliza bei kabla ya kuona kopo ni kazi ya bure. Na baada ya kusikilizana bei, kuomba matabishi si aibu: "Mama, uniongezee kidogo" inasemwa na tajiri na maskini, na muuzaji anayetaka mtu arudi kesho hakosi kutia mkono mmoja juu.

Maharagi yana sifa moja na kasoro moja. Sifa ni kwamba yakiwa makavu, karibu robo ya uzito wake ni protini, ndiyo maana nyumba nyingi zinapitisha juma zima bila nyama na watoto wanaendelea kukua. Kasoro ni moto. Butembo, juu ya urefu wa mlima, maji yanachemka kwenye nyuzi karibu 94, si 100 kama pwani. Hata yakitokota kwa nguvu namna gani, hayazidi joto hilo. Ndiyo sababu maharagi ya aina moja yanachelewa kuiva Butembo kuliko Beni, na mwenye kuhama kutoka bonde anafikiri amedanganywa maharagi ya zamani. Saa zile zote zinaliwa na makala, na makala si bure.

Dawa yake ni ya kale: kuyaloweka usiku kucha, kumwaga yale maji, kufunika chungu vizuri na kuweka jiwe juu ya kifuniko. Mwenye nafasi anapika ya siku mbili kwa moto mmoja, na ya siku ya pili anayatokosa tena vizuri kabla ya kula. Lakini kwa mtu anayeishi peke yake hesabu inageuka. Mwanafunzi wa Chuo Kikuu cha Graben, kilichoanza mwaka wa 1989, ao wa vyuo vingine vya mjini, akiwasha mbabula kwa ajili ya kikombe kimoja cha maharagi, makala inaweza kupita bei ya maharagi yenyewe. Kwake sahani ya resto ndogo, ambapo mama mmoja anapikia watu 30 kwa moto mmoja, mara nyingi ni rahisi kuliko kupika.

Bila kusahau avoka. Eneo hili lina avoka nyingi, na moja iliyokatwa juu ya maharagi inaleta mafuta ambayo chupa ya mafuta ya dukani ingeyaleta kwa bei mara nyingi zaidi.

Beni: ndizi, sombe, na habari za shamba

Beni chakula cha karibu ni kingine. Ndizi za kupika, mihogo na majani yake, mchele wa upande wa Oicha na Mbau, mafuta mekundu ya ngazi, mananasi, mapapai. Soko la Kilokwa na la Mabakanga ndimo mtu wa pesa kidogo anapata sombe iliyokwisha kutwangwa, tayari kwa chungu. Sombe isiharakishwe. Majani ya mihogo yana sumu ambayo inatoka kwa kutwanga na kuchemsha muda mrefu na chungu kikiwa wazi. Kuipika haraka juu ya kuokoa makala ni kuokoa pahali pabaya.

Lakini Beni bei ya sombe inasema pia jambo lingine. Tangu mwezi wa kumi 2014 mauaji ya waasi wa ADF yamefunga mashamba mengi kuzunguka mji, upande wa Mbau na Oicha, upande wa Ruwenzori, upande wa Mangina. Mwenye shamba anaweza kuwa na ndizi zilizoiva kilomita kumi kutoka nyumbani kwake na akanunua ndizi sokoni kwa sababu haendi kuzikata. Basi siku mafungu yanapokuwa madogo Kilokwa, mnunuzi wa Beni haanzi kwa kubishana. Anauliza kwanza ni upande gani watu wamekimbia. Pahali pengine bei inafuata mvua, hapa inafuata pia habari za usiku uliopita.

Kuna na kakao. Baada ya ugonjwa wa kunyausha kuharibu kahawa ya robusta miaka ya 1990, wakulima wengi wa Beni walipanda kakao, na mwaka wa 2024, bei ya dunia ilipopita dola 10,000 kwa tani, walioweza kuvuna waliona pesa ambayo mihogo haijawahi kutoa. Hakuna wa kuwalaumu. Ila kakao haipikwi kwa chungu, na pahali iliposimama mihogo ao mpunga, leo familia inauza kakao na kununua unga. Huko Mutwanga, chini ya Ruwenzori, kuna kiwanda cha chokoleti cha upande wa mbuga ya Virunga. Chokoleti yake inajulikana mbali, lakini si chakula cha mtu anayehesabu franka.

Vitu vya mlima ni vya franka, vitu vya Kasindi ni vya dola

Hii ndiyo hesabu inayosaidia kuliko zote, na haisemwi vya kutosha. Kuna chakula ambacho bei yake inazaliwa hapa: viazi, maharagi, ndizi, mateke, mihogo, mboga. Kuna kingine kinachoingia kwa mpaka wa Kasindi kutoka Uganda, ao kutoka mbali zaidi kupitia bandari ya Mombasa: unga wa ngano, sukari, chumvi, mafuta ya dukani, mchele wa ng'ambo. Hivi vya pili vinanunuliwa kwa dola ao shilingi ya Uganda, halafu vinapita barabara ya Kasindi mpaka Beni, ambayo inakatiza Virunga na ambayo mara kwa mara imefungwa ao kupitwa na magari kwa kusindikizwa na wanajeshi.

Kwa hiyo franka ikianguka mbele ya dola, mandazi yanapungua ukubwa kabla ya kitu kingine. Bei inabaki ile ile, tundu la katikati ndilo linaongezeka. Mkate nao unafuata. Viazi vinakawia kusikia habari hiyo. Wenye kujua wanabadilisha chai ya asubuhi: pahali pa mandazi mawili na kikombe cha chai chenye sukari nyingi, wanakunywa masoso, ule uji wa mahindi, soya na sorgo, ao wanakula mateke yaliyochemshwa. Masoso inakaa tumboni mpaka saa saba. Mandazi yanakwisha saa nne.

Upande wa kusini barabara imeleta shida nyingine. Rutshuru ilikuwa gala la maharagi na mahindi kwa mkoa wote. Baada ya Kanyabayonga kuanguka mikononi mwa M23 mwisho wa mwezi wa sita 2024, watu wengi wa kusini ya Lubero walipanda kuelekea Lubero na Butembo, na mwezi wa kwanza 2025 Goma ikachukuliwa. Serikali ya jimbo ikahamia Beni. Mji uliokuwa unapokea chakula kutoka kusini ukawa unapokea walaji kutoka kusini, na Beni ikaongezewa wafanyakazi wa serikali, wanajeshi na wasafiri ambao wanalipa chumba na chakula bila kubishana sana. Bei ya resto za katikati ya mji inajua kutofautisha watu hao na mwenyeji. Ukipita mitaa miwili nyuma ya barabara kubwa, sahani ile ile inarudi bei ya wenyeji.

Sahani moja, majina mengi

Wanande ndio wengi katika miji hii miwili, lakini mezani kuna watu wa kila upande: Wahema, Walendu na Waalur wa Ituri, Wabashi wa Bukavu, wasemaji wa Lingala waliokuja na jeshi ao biashara, Watopoke na wengine wa Tshopo, na Bakonjo wa Uganda ambao ni ndugu wa Wanande ng'ambo ya mpaka. Kwa hiyo mtu asipotee kwa majina. Bugali, fufu na obundu ni kitu kimoja, ingawa unga unaweza kuwa wa mihogo, wa mahindi ao mchanganyiko. Sombe ndiyo pondu. Maharagi ndiyo madesu. Chapati iliyoviringishwa na mayai, inayojulikana Uganda kama rolex, imevuka mpaka pamoja na jina lake. Lituma, ndizi zilizopikwa na kupondwa za watu wa Kisangani, inashibisha vizuri Beni, ambako ndizi ni za karibu, kuliko Butembo.

Katika resto ndogo, kinachofanya sahani iwe ya bei si bugali, ni kile kipande cha nyama. Wengi wanaomba "bugali na maharagi, bila nyama, unitie supu ya nyama juu", na mara nyingi mama anakubali. Kuuliza bei kabla ya kukaa ni desturi, hakuna anayekasirika. Inafaa kula mapema, kati ya saa sita na saa saba, wakati chungu bado kimejaa. Anayefika saa tisa anapata kilichobaki, kwa bei ile ile. Jioni ni hesabu nyingine, kwa sababu amri za kufunga mapema zimetolewa mara nyingi katika miji hii miwili, hasa baada ya hali ya dharura kuanza mwezi wa tano 2021, na mshikaki wa saa mbili usiku unaweza kuongezewa bei ya moto ya kurudi nyumbani.

Samaki ana ngazi zake. Tilapia wa Ziwa Edward kutoka Vitshumbi na Kyavinyonge ndiye mtamu na ndiye ghali. Chini yake kuna tomson ya barafu, kisha makayabu ya chumvi, ambayo kipande kidogo kinatosha kutia ladha chungu kizima cha sombe. Chini kabisa ni fretini, samaki wadogo wakavu wa Ziwa Albert na wa maziwa ya Uganda, wanaoliwa na kichwa na mifupa. Kikombe kimoja kinalisha familia. Kazi yake ni mchanga: waoshwe mara tatu kwa maji ya vuguvugu, la sivyo meno yanalia. Nyama ya ng'ombe ni ya siku ya pekee, na wengi wanafuga sungura ao simbiliki nyuma ya nyumba kwa ajili hiyo. Nyama ya pori, hata ikiuzwa kwa bei ya chini, iachwe. Kuwinda ndani ya Virunga ni kosa mbele ya sheria, na Ebola haijasahauliwa hapa.

Maji, mikono na chupa

Mlipuko wa Ebola uliotangazwa tarehe 1 mwezi wa nane 2018, ukianzia Mangina, ulidumu mpaka tarehe 25 mwezi wa sita 2020. Watu 3,470 waliambukizwa na 2,287 walikufa, wengi wakiwa wa Beni, Butembo na vijiji vya kando. Ugonjwa ulirudi mwezi wa pili 2021 upande wa Biena na Butembo, kisha mwezi wa kumi mwaka ule ule Beni. Wakati ule hapakuwa na resto bila ndoo yenye robine na maji ya klori mlangoni. Ndoo nyingi zimeondoka. Pahali ambapo bado iko na ina maji ndani, mteja anaweza kujua mengi kuhusu jikoni bila kuingia.

Maji ya kunywa ndiyo pahali wengi wanaokoa franka vibaya. Maji ya chupa ni ghali, ya sashe ni ya bei ya chini lakini si yote yaliyotengenezwa vizuri, na ya bomba ao ya chemchemi yanahitaji kutibiwa. Kuchemsha kunatosha: yakitokota kwa nguvu dakika moja, vijidudu vya tifoidi na kipindupindu vimekufa, hata kwa urefu wa Butembo, ni juu ya mita 2,000 tu, kwenye vilima vya Lubero, ndipo inashauriwa dakika tatu. Basi hakuna haja ya kuyaacha nusu saa kwenye makala. Dumu liwe safi na lifunikwe, maana maji yaliyochemshwa yakachotwa kwa kikombe chenye mkono mchafu yanakuwa kama hayajachemshwa.

Kwa vinywaji vingine, vya karibu vinashinda tena. Marakuja ya vilima vya Butembo inatoa juisi kwa bei ya chini kuliko sukre ya chupa, na tangawizi iliyochemshwa inafaa kwa baridi ya asubuhi. Kando ya Butembo kuna mashamba ya chai ya Butuhe. Kahawa arabika ya milima hii inapita Kasindi kwenda kunywewa ng'ambo, na wengi wanaoilima hawana desturi ya kuinywa. Mwenye kupata kilo ya mbegu kwa mkulima na kuikaanga kwenye sufuria anapata kinywaji ambacho Ulaya kinauzwa kwa bei kubwa.

Kasiksi, pombe ya ndizi mbivu na unga wa sorgo, ni ya bei ndogo kuliko bia, na inakunywewa ikiwa mbichi, siku ile ile ao ya pili yake, ikizidi inachacha. Kanyanga ni jambo lingine. Pombe ya kutonesha nyumbani haina kipimo, kila chupa ina nguvu yake, na iliyochanganywa na kemikali inaweza kupofusha macho ao kuua. Bei yake ndogo ndiyo inawavuta vijana wasio na kazi, na hakuna muuzaji anayejua kwa hakika kilichomo ndani ya dumu aliloletewa.

Kununua kwa pamoja

Franka chache za mtu mmoja zinanunua kopo. Franka chache za watu kumi zinanunua gunia. Likelemba na vikundi vya akiba vinavyoitwa AVEC viko karibu kila mtaa wa Butembo na Beni, na baadhi ya wanawake wanavitumia kwa chakula: kila juma kila mmoja anatia sehemu yake, na wakati wa mavuno gunia la maharagi ao la viazi linanunuliwa moja kwa moja kutoka gari, bila kupitia mikono mitatu. Kinachohitajika ni mtu mmoja wa kuaminiwa, ndoo moja ya kupimia ambayo wote wameiona, na saa ya kugawa inayojulikana. Wanafunzi wanaopanga nyumba moja wanafanya vile vile kwa makala, watu wanne kwa mbabula moja, na zamu ya kupika imeandikwa ukutani. Familia iliyopokea ndugu waliokimbia vita iko na hesabu ngumu zaidi, maana vinywa vimeongezeka mara mbili na hakuna aliyeongeza mshahara. Wengi wao wanaanza kwa kupeleka mmoja wa wageni sokoni alfajiri, gari za Lubero zinaposhusha mizigo, kwa sababu viazi vilivyochunika njiani vinauzwa pale pale kwa bei ya chini, na vikimenywa siku ile havina tofauti na vingine.